Foleni ya suluhu: wadaiwa wa kodi Marekani baada ya IRS kupoteza robo ya wafanyakazi wake

Barua ya kwanza huitwa CP14. Ni kurasa chache: juu kuna tarehe na mwaka wa kodi, katikati kiasi unachodaiwa, na mwisho kabisa kipande cha kukata na kurudisha pamoja na hundi. Hakuna aliyekaa chini akaiandika. Kompyuta ya IRS, mamlaka ya mapato ya Marekani, imeona ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, imeingia, kodi imeandikwa kwenye akaunti, malipo hayajafika, ikachapisha. Ukikaa kimya zitafuata nyingine, CP501, CP503, CP504, mpaka ifike ile ya LT11 inayokupa siku 30 za kuomba kusikilizwa kabla hawajagusa mshahara wako au akaunti yako ya benki. Zote hizo zinaweza kukufikia bila mtumishi hata mmoja kufungua faili lako.

Kupunguziwa deni ni kazi nyingine kabisa. Hapo lazima mtu asome. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuichambua, kwa sababu mwaka 2025 IRS ilipunguza watu kwa kasi isiyo ya kawaida, na mjadala mwingi ukaishia kwenye simu zisizopokelewa na ukaguzi wa matajiri. Mdaiwa mdogo anayetafuta njia ya kutoka hakuzungumzwa sana. Kati yao wamo wasemaji wengi wa Kiswahili wa Columbus, Louisville, Dallas na Minneapolis, wanaoendesha malori na teksi za mtandaoni kwa Fomu 1099, yaani kama waliojiajiri wasiokatwa kodi.

Mpango wa kupunguziwa deni huitwa kwa kifupi OIC, yaani Offer in Compromise. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita ofa ya maafikiano. Msingi wake ni kifungu cha 7122 cha sheria ya kodi ya Marekani, kinachoiruhusu serikali kupokea pungufu ya deni kwa sababu tatu: kuna shaka kama deni ni halali, kuna shaka kama linaweza kukusanywa lote, au kulidai lote kungekuwa ni kumwonea mtu hata kama kwenye karatasi anazo mali. Ofa nyingi huja kwa sababu ya pili.

Niseme jambo moja kwa wasomaji wa Kenya, maana hapa ndipo watu huchanganya. Msamaha uliotolewa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kuanzia Septemba 2023, ambao baadaye uliongezewa muda hadi Juni 2025, ulifuta riba na faini kwa aliyelipa kodi yenyewe. Ukilipa kodi ya msingi, mengine yanafutwa, na hakuna anayehitaji kujua unakula nini. Ofa ya maafikiano inagusa kodi yenyewe, na kwa hiyo inaingia jikoni kwako.

Tumtazame mdaiwa mmoja. Nimemtunga ili hesabu ionekane, ila kanuni zinazompima ni za kweli. Ni baba wa Kitanzania anayeishi na binti yake mmoja. Mwaka 2021 na 2022 aliendesha lori kama mtu aliyejiajiri. Kampuni ilimlipa pesa kamili bila kukata chochote, na yeye hakutenga za kodi kila robo mwaka kama inavyotakiwa. Aliyejiajiri anadaiwa asilimia 15.3 ya Hifadhi ya Jamii na Medicare, bima ya afya ya wazee, kabla hata hajafika kwenye kodi ya mapato, kwa hiyo ritani mbili zilitosha kumtumbukiza. Ukijumlisha riba na adhabu, deni limefika dola 46,000. Mgongo ukamshinda, lori akaliacha, sasa anafanya kazi kwenye ghala la mizigo na kupata dola 4,300 kwa mwezi kabla ya makato.

Anaweza kuomba malipo ya awamu kwenye tovuti. Deni likiwa chini ya dola 50,000 mashine inakubali yenyewe, mara nyingi dakika hiyohiyo; kwa miaka mingi muda wake ulikuwa hadi miezi 72. Lakini 46,000 ukigawanya kwa 72 ni karibu dola 639 kila mwezi, na riba bado haijahesabiwa. Hana hizo. Mlango usiohitaji mtu umefunguka, ila kiatu chake hakipiti.

Basi anajaza Fomu 656, ambayo ndiyo ofa, na Fomu 433-A ya OIC, ambayo ndiyo maungamo. Hii ya pili inataka kila kitu: hati za mshahara, taarifa za benki za miezi ya karibuni, gari, mkopo wa gari, pango, bima. Chakula na mavazi hupimwa kwa jedwali la taifa, pango na umeme kwa kiwango cha kaunti unayoishi. Tuseme baada ya gharama zote zinazokubalika amebakiwa na dola 400. Mkataba wa ofa ya kulipa haraka, yaani isiyozidi awamu tano ndani ya miezi mitano, huzidisha baki hilo mara 12. Atakayelipa polepole hadi miezi 24 huzidishiwa mara 24. Huongezwa thamani ya mali. Gari lake lina mkopo, halina kitu, na benki ana dola 1,900 ambazo fomu inaondoa 1,000. Jumla: 4,800 na 900, ni dola 5,700. Hicho ndicho IRS inaamini inaweza kukipata kwake kwa busara. Kwa kuwa mapato yake ya mwaka, dola 51,600, hayafiki asilimia 250 ya mstari wa umaskini kwa kaya ya watu wawili, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 52,875, anasamehewa ada ya dola 205 na yale malipo ya awali ya asilimia 20.

Lakini yeye hakuandika 400. Aliandika 100, kwa sababu kwenye safu ya gharama nyingine ameweka dola 300 anazomtumia mama yake Tabora kila mwezi. Kwa hesabu yake ofa ni 1,200 na 900, dola 2,100.

Hapa faili linamhitaji binadamu. Kwenye taarifa ya benki zile 300 zinaonekana kama pesa inayokwenda kwa kampuni ya kutuma fedha, tarehe 3 au 4, miezi mitatu mfululizo. Kompyuta haijui mama ni nani. Fomu haina safu ya mama. Mama aliye Tabora hawezi kuandikwa kama tegemezi kwenye ritani ya Marekani, na pesa za kutuma nyumbani si gharama inayopita yenyewe. Lazima zielezwe kwamba ni za lazima kwa afya na maisha ya familia, kwa karatasi za hospitali, kwa risiti za dawa. Mara nyingi zitakataliwa. Afisa mwenye nafasi humpigia au humwandikia mtu huyo: gharama hii siwezi kuikubali, leta ushahidi au pandisha ofa hadi 5,700. Baba anapandisha, anakopa kwa ndugu, wanamaliza. Deni la 46,000 linafungwa, naye anafungwa na sharti la kuwasilisha ritani na kulipa kodi zake kwa wakati kwa miaka mitano ijayo.

Afisa asiye na nafasi hufanya nini? Anazo njia mbili halali. Anaweza kuikataa ofa, na hapo sheria inataka uamuzi wake upitiwe na mwingine kwanza, kisha mdaiwa ana siku 30 za kukata rufaa. Au anaweza kuirudisha, kwa mfano kwa sababu nyaraka alizoomba hazikufika kwa tarehe aliyoweka. Ofa iliyorudishwa haina rufaa ya kawaida. Maneno haya mawili, kukataliwa na kurudishwa, wadaiwa wengi huyasikia kama neno moja, na ni kosa la gharama kubwa.

Sasa tuwahesabu watu wanaofanya kazi hiyo. Mwanzoni mwa 2025 IRS ilikuwa na wafanyakazi kama 102,000 au zaidi kidogo. Tarehe 28 Januari watumishi wa serikali kuu walipata barua pepe ya kuwataka wajiuzulu huku wakiendelea kulipwa hadi mwisho wa Septemba bila kufanya kazi. Februari IRS ikawafukuza maelfu waliokuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, takriban 6,700 kwa wimbi moja. Mahakama ziliingilia Machi, wengine wakarudishwa. Kisha ikaja awamu ya pili ya kujiuzulu kwa malipo. Kufikia Juni, Erin Collins, Mtetezi wa Taifa wa Walipakodi, aliliarifu Bunge kwamba idadi imeshuka kutoka 102,113 hadi 75,702, yaani asilimia 26.

Ukiangalia waliotoka, picha inauma zaidi ya asilimia. Walio kwenye majaribio walikuwa wale walioajiriwa karibuni kwa fedha za sheria ya mwaka 2022, ile iliyoitengea IRS karibu dola bilioni 80 kwa miaka kumi, na wengi wao walikuwa kwenye idara zinazoshughulika na ukaguzi na ukusanyaji. Kati ya waliokubali kujiuzulu kwa malipo walikuwamo waliokaribia kustaafu. Kwa hiyo walipungua kwa pande zote mbili: wanafunzi wakatoka, na walimu wao wakatoka. Kazi ya kupima ofa haifundishwi kwa video. Kujua lini dola 300 za Tabora ni dawa na lini ni mazoea, kujua gari la dereva lina thamani gani likiuzwa haraka, hayo mtu huyapata kwa kukaa kando ya aliyeyafanya miaka kumi. Kituo cha Memphis na kile cha Brookhaven, New York, ambako ofa za nchi nzima hupokelewa, ni mahali pa ustadi wa namna hiyo.

Juu nako hapakutulia. Danny Werfel, kamishna wa IRS, aliondoka Januari 20. Doug O'Donnell akakaimu, akaondoka. Melanie Krause akakaimu, akaondoka Aprili baada ya IRS kukubali kuwapa maafisa wa uhamiaji taarifa za walipakodi. Gary Shapley akakaa siku chache tu. Michael Faulkender akashika hadi Juni. Billy Long akathibitishwa na Seneti na kuondolewa Agosti, na Waziri wa Fedha Scott Bessent akakaimu yeye mwenyewe. Sidhani kama wakubwa hao ndio wanaopima ofa. Ila mkuu wa kitengo anayetaka kuajiri watu watatu wa kupunguza mrundikano anahitaji saini ya mtu atakayekuwepo mwezi ujao.

Tarehe 1 Oktoba serikali ikafungwa kwa kukosa bajeti, na kuanzia tarehe 8 karibu nusu ya IRS iliyobaki ikapelekwa nyumbani. Hali hiyo ilidumu hadi Novemba 12. Tarehe za mwisho za kulipa hazikusogea, riba haikusimama.

Kuna jambo ambalo haki inanitaka niliseme, hata kama linapunguza makali ya hoja yangu. Kukubaliwa kwa ofa kulikuwa kumeanza kushuka kabla ya punguzo hili. Katika mwaka wa fedha 2023 IRS ilipokea ofa 30,163 na kukubali 12,711. Mwaka wa fedha 2024, ulioishia Septemba kabla ya uchaguzi, ilipokea 33,591 na kukubali 7,199. Ni kweli ofa inayopokelewa mwaka mmoja huweza kuamuliwa mwaka unaofuata, hivyo kugawanya moja kwa nyingine si kipimo safi. Lakini kutoka zaidi ya elfu kumi na mbili hadi elfu saba si mtikisiko mdogo. Punguzo la 2025 lilikuta mpango uliokuwa tayari umebana. Na si mara ya kwanza taasisi hii kukondeshwa: kati ya 2010 na 2019 ilishuka kutoka karibu watu 95,000 hadi 74,000, na ile fedha ya 2022 ilikuwa imekuja kuziba pengo hilo hasa. Kwa hiyo 2025 imeirudisha IRS mahali ilipokuwa 2019.

Wanaolitetea punguzo husema mashine zitafanya kazi ya waliotoka. Kwa sehemu wako sahihi. Msimu wa ritani wa 2025 ulikwenda vizuri, na Collins mwenyewe alikiri hivyo. Malipo ya awamu kwenye tovuti ni msaada wa kweli. Ada yake kwa anayekatwa moja kwa moja benki ni dola 22 tu. Ninachokataa ni kudhani kwamba kazi zote za ukusanyaji zinafanana. Mashine imeshajua kudai. Ukiondoa watu robo, kudai kunabaki palepale na kusuluhisha ndiko kunakopungua. Lile punguzo lililotangazwa kama kumpunguzia mwananchi mzigo wa serikali linamwachia mwananchi mwenye deni upande mmoja tu wa serikali, ule unaotuma barua.

Gharama ya kusubiri inamwangukia nani? Ofa ikiwa mezani, kwa kawaida IRS haianzi kukamata mshahara, na hilo ni jema. Lakini riba, ambayo mwaka 2025 ilikuwa asilimia 7 ikihesabiwa kila siku, inaendelea. Kwa dola 46,000 ni zaidi ya dola 3,200 kwa mwaka. Ofa ikikubaliwa zinafutika pamoja na mengine. Ikikataliwa, zote ni zake kulipa. La pili ni kubwa zaidi na watu hawalijui: IRS ina miaka kumi ya kukusanya deni tangu liandikwe rasmi, na muda wote ofa inaposubiri saa hiyo imesimamishwa, pamoja na siku 30 baada ya kukataliwa na muda wa rufaa. Kila mwezi faili linapolala Memphis, mwezi mmoja unaongezwa mwisho wa deni.

Sheria ina kinga moja. Ofa isiyokataliwa ndani ya miezi 24 tangu ipokelewe inahesabiwa imekubaliwa. Wengine hudhani uhaba wa watu utawapa ushindi kwa njia hiyo. Mimi sioni hivyo. Kitengo kilicholemewa kinajua tarehe zake, na njia rahisi ya kuwahi tarehe ni kurudisha ofa ambayo karatasi moja imekosekana. Hofu yangu ni kwamba uhaba hautaleta ukimya, utaleta majibu ya haraka ya hapana.

Na mwenye hofu ndiye chakula cha matapeli. Matangazo ya redio na Facebook yanayoahidi kumaliza deni kwa senti chache kwa kila dola hayakuanza 2025. IRS yenyewe huyaweka kila mwaka kwenye orodha yake ya ulaghai mkubwa. Kampuni hizo hutoza maelfu ya dola, huwasilisha ofa ya mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa na sifa, kisha hupotea. Ofa hizo nazo hukaa kwenye foleni ileile, mbele ya yule baba. Kama kuna mtu anakutoza kabla hajakuuliza kama ritani zako zote zimeingia, ondoka. Bila ritani zote, ofa haisomwi kabisa.

Yule baba afanye nini basi? Ningemshauri kwanza aende kwenye kliniki ya walipakodi wa kipato cha chini, zile LITC zinazopata ruzuku ya serikali na baadhi yake ziko kwenye vyuo vya sheria. Wanasheria wake hawaajiriwi na IRS, huduma ni bure au karibu na bure, na wengi huweka mkalimani. Wataziona zile dola 300 kabla ya IRS kuziona. Watamwambia aweke barua ya daktari wa mama yake, au aandike 5,700 tangu mwanzo ili afisa asiwe na sababu ya kumrudishia. Katika foleni nyembamba, ofa safi ndiyo inayopita. Atume kwa posta yenye risiti, na kila karatasi inayoombwa ijibiwe kabla ya tarehe, hata kama jibu ni kuomba siku zaidi.

Watamuuliza pia swali ambalo kabla ya 2025 lingekuwa la pembeni: je, ofa ndiyo njia yake kweli? Ipo hali nyingine, ya deni kuwekwa kando kwa sababu mdaiwa hawezi kulipa kwa sasa bila kukosa mahitaji ya msingi. Hiyo huombwa hata kwa simu, inataka uchunguzi mwepesi zaidi, na saa ya miaka kumi inaendelea kutembea. Riba inaendelea pia, marejesho ya kodi ya kila mwaka yatachukuliwa, na deni linabaki juu ya jina lake. Akiwa na baki la dola 400 huenda wasimkubalie. Mgongo ukizidi na saa za kazi zikipungua, huenda wakamkubalia.

Deni lake la 2021 liliandikwa 2022, la 2022 likaandikwa 2023. Asipoweka ofa, yanakufa 2032 na 2033. Akiiweka leo na jibu likachukua mwaka mmoja na nusu likawa hapana, tarehe hizo zinasogea hadi karibu 2034 na 2035, na riba ya mwaka na nusu, karibu dola 5,100 kwa kiwango cha asilimia 7, inakaa juu ya zile 46,000. Akikubaliwa, analipa 5,700 na kumaliza kabla binti hajamaliza shule. Kalenda hizo mbili ndizo atakazozilinganisha mezani kwa mwanasheria wa kliniki, kabla ya kutia saini Fomu 656.